Casey Martin baada ya kesi

Ukitaja jina la Casey Martin mbele ya mtu anayefuatilia gofu, kitu cha kwanza atakachokukumbusha ni kigari. Ni yule kijana mwenye mguu mgonjwa aliyewashtaki PGA Tour, wenye mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa Marekani, ili aruhusiwe kupanda kigari badala ya kutembea. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, akashinda. Hapo hadithi hukatwa. Mwaka ni 2001, jamaa ana miaka 28, na msimuliaji keshahamia kwa Tiger Woods.

Mimi husumbuliwa na hapo panapokatwa. Miaka mitano baadaye Martin alichukua kazi ya kocha wa gofu katika Chuo Kikuu cha Oregon, na kazi hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya utu uzima wake. Ukiuliza alifanya nini huko, wengi hawana la kukwambia. Kocha wa gofu wa chuo! Nami zamani nilidhani ni mtu wa kuvaa kofia, kushika mwavuli na kupiga makofi kwa adabu.

Nilimfikia kupitia riadha, kama Mkenya yeyote angemfikia. Mji wake ni Eugene, katika jimbo la Oregon, na Eugene kwetu ni uwanja wa riadha wa Hayward Field. Ndipo Faith Kipyegon alipotwaa dhahabu ya dunia ya mita 1,500 mwaka 2022 na Emmanuel Korir ile ya mita 800. Ndipo Ferdinand Omanyala alipotua saa chache kabla ya mbio zake kwa sababu ya visa iliyochelewa. Kabla ya hapo alikuwapo Edward Cheserek, kijana wetu aliyevaa jezi ya Oregon akatwaa mataji 17 ya vyuo. Juni 2016 nilikuwa nasubiri habari zake za mita 5,000 na 10,000, na badala yake nikakuta kila mtu wa Oregon anashangilia timu ya gofu. Nilikereka kidogo, nakiri. Gofu? Kisha nikaona picha ya kocha anayechechemea, nikataka kujua ni nani.

Alizaliwa Eugene mwaka 1972 na ugonjwa wa mishipa ya damu unaoitwa Klippel-Trenaunay-Weber. Katika mguu wake wa kulia damu ilishuka lakini haikurudi juu inavyotakiwa. Mguu ukavimba, ukauma, mfupa wa chini ya goti ukawa dhaifu kiasi kwamba madaktari walihofia ungevunjika kwa hatua moja mbaya. Pamoja na hayo, kabla ya kufikisha miaka 15 alikuwa ameshinda mashindano 17 ya vijana ya chama cha gofu cha Oregon. Akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari akawa bingwa wa jimbo, kisha akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Stanford.

Pale Stanford ndipo alipokutana na kocha wa aina ambayo yeye mwenyewe angekuja kuwa. Wally Goodwin alikuwa mtu wa barua. Mwaka 1989 alisoma katika gazeti la michezo habari za mtoto wa miaka 13 wa California, akamwandikia. Mtoto akajibu kwa heshima zote, akataja na alama zake za darasani. Huyo alikuwa Tiger Woods, na alijiunga na timu mwaka 1994, miezi michache baada ya Stanford kutwaa ubingwa wa vyuo wakiwa na Martin na Notah Begay. Nani leo anaandikia barua mtoto wa miaka 13? Kanuni zenyewe hazimruhusu tena kocha kuwasiliana naye mapema namna hiyo.

Huku mguu wa Martin ukizidi kuharibika. Sasa hapa kuna jambo ambalo wasomaji wetu huenda hawalijui: wachezaji wa gofu vyuoni Marekani hutembea, na hubeba au husukuma mifuko yao wenyewe. Hakuna mtu wa kuwabebea. Kwa hiyo katika miaka miwili ya mwisho ya Martin, Stanford iliandika rasmi kwa ligi yake na kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuomba asamehewe kanuni zote mbili, ya kutembea na ya kubeba. Wakakubali. Haikuhitaji wakili wala jaji. Vyuo vilimaliza kwa barua kitu ambacho gofu ya kulipwa iligharamia miaka minne ya mawakili kukikataa.

Kesi yenyewe nitaipitia haraka, maana imeandikwa sana. Alifungua mashtaka 1997, na mwaka uliofuata jaji pale pale Eugene akampa haki. Magwiji wa gofu Arnold Palmer, Jack Nicklaus na Ken Venturi walitoa ushahidi upande wa PGA Tour: kwamba kutembea huchosha, na kuchoka ni sehemu ya mashindano. Venturi alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mwaka 1964 alishinda US Open, shindano kubwa la gofu la Marekani, akiwa karibu kuzimia kwa joto. Lakini mtaalamu mmoja wa mwili alipiga hesabu mbele ya mahakama: kutembea maili tano hivi kwa saa tano za mchezo humaliza kalori 500 tu, pungufu ya zile zilizomo katika baga moja aina ya Big Mac. Na Martin, hata akiwa na kigari, bado alitembea zaidi ya maili moja kila raundi kwa mguu ule. Tarehe 29 Mei 2001 majaji saba walimkubalia, wawili wakakataa. Jaji Scalia, mmoja wa wale wawili, aliandika kwa kejeli nzuri sana kuhusu mahakama inayojipa kazi ya kuamua gofu ni nini. Nilicheka niliposoma, ingawa nadhani alikosea.

Nilimsimulia kisa hiki mzee mmoja aliyebeba mifuko ya fimbo miaka mingi katika klabu moja hapa Nairobi. Nilipofika kwenye hoja ya uchovu, akanikatiza.

“Nani achoke, kijana wangu? Mzigo ninao mimi. Bwana mkubwa anatembea mikono mitupu, tena akifika kwa mpira ananiuliza mimi apige na fimbo gani.”

“Kwa hiyo mzee, wewe ungempa kigari?”

“Ningempa. Ila ningemdai pesa yangu ile ile.”

Sijasikia hoja iliyo bora kuliko hiyo, na Mahakama ya Juu haikuifikia.

Haki ya kucheza aliipata. Nafasi ya kudumu kati ya wakubwa hakuipata. Mwaka 1998 alishinda shindano la ligi ya daraja la pili kule Lakeland, Florida, na mwaka huo huo akamaliza katika nafasi ya 23 pamoja na wengine kwenye US Open ya Olympic Club, San Francisco. Msimu wa 2000 alicheza PGA Tour yenyewe, akashindwa kubaki. Akashuka, akahangaika, mguu ukauma. Mwaka 2006 Oregon wakamwita, na alikuwa hajawahi kufundisha timu yoyote.

Basi kazi ile ni ipi? Nimekuwa nikiidodosa kwa muda, na kadiri ninavyoielewa ndivyo inavyoniwia vigumu kuilinganisha na ukocha tunaoujua. Kocha wa soka anaona timu yake yote kwa kupepesa jicho. Ana benchi, ana mapumziko, anaweza kubadilisha mtu. Wa gofu anapeleka wachezaji watano, wanaanza mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika kadhaa, wakichanganywa na wa vyuo vingine, na baada ya saa moja wametapakaa katika uwanja mpana kuliko baadhi ya vijiji vyetu. Matokeo ya wanne walio bora ndiyo huhesabiwa. Ya wa tano hutupwa. Kocha hajui mapema wa kutupwa ni nani. Anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji wake kati ya mkwaju na mkwaju, lakini ni yupi amfuate? Anayevuja, au anayeenda vizuri ambaye ukimsogelea unaweza kumharibia? Kwa kuchagua mmoja umeshawaacha wanne.

Na hao watano wametoka wapi? Timu ina vijana wanane, tisa, kumi. Wiki ya kabla ya shindano wanacheza raundi za mchujo wao kwa wao, halafu kocha anawataja watano wa kusafiri. Wanaobaki ni watoto ambao kwao walikuwa mabingwa. Wazazi wao walilipa walimu, viwanja na safari tangu wakiwa wadogo. Sasa anaambiwa na kocha, wiki baada ya wiki, wewe baki. Mimi naamini hapo ndipo ukocha wa gofu ulipo, kwenye mazungumzo hayo ya Jumatano, zaidi ya kwenye kurekebisha mkono wa mtu anavyoshika fimbo. Vijana wengi wana walimu wao wa ufundi nyumbani na hawataki kocha wa chuo awaguse. Tena NCAA imempimia muda: saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na pungufu ya hapo nje ya msimu.

Kisha kuna pesa. Kwa miaka mingi timu ya wanaume iliruhusiwa nafasi nne na nusu tu za ufadhili kamili wa masomo. Nne na nusu, wachezaji tisa! Kocha anakata robo hapa, theluthi pale, huyu vitabu tu, huyu anayekaa mji huu huu hapati kitu kwanza. Mwaka 2025 hesabu hiyo ilibadilishwa na makubaliano makubwa ya mahakamani kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo. Katika vyuo vilivyoingia humo idadi ya wachezaji wa gofu ya wanaume ina kikomo, tisa, na wote wanaweza kufadhiliwa, chuo kikiwa na fedha. Tajiri atazidi kutajirika. Na yule wa kumi, kijana wa mtaani ambaye kocha angempa jezi bila senti na kumngoja akomae miaka miwili, ndiye atakayekosa mlango.

Watu huingia katika kazi hii kwa njia za ajabu. Dave Williams wa Houston alikuwa mwalimu wa uhandisi wa kemikali. Alikabidhiwa timu mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaondoka 1987 na mataji 16 ya vyuo. Mike Holder wa Oklahoma State alitwaa manane kati ya 1976 na 2000, lakini nadhani kipaji chake kikubwa kilikuwa kuomba. Alichangisha mamilioni na kujenga uwanja mzima wa Karsten Creek, uliofunguliwa 1994, na alipoacha ukocha 2005 chuo kilimfanya mkuu wa idara yote ya michezo. Ukifikiria, ni sawa. Mtu anayeweza kumshawishi tajiri alipie mashimo 18 katikati ya msitu wa Oklahoma anaweza kuendesha chochote.

Martin hakuwa mhandisi wala mchangishaji wa namna hiyo. Alikuwa mchezaji aliyejua kuumia, na alifundisha mahali ambapo mvua ya majira ya baridi haina mwisho, wakati washindani wake wa Arizona na California wanapiga mipira juani kwa fulana. Alipanda kigari kufuata vijana waliokuwa wakitembea na mifuko mgongoni. Na hata hapo hakuachwa. Juni 2013 alikwenda kutazama vijana katika mchujo wa kitaifa, kazi ya kawaida kabisa ya kocha anayetafuta wachezaji, na ofisa wa shindano akamzuia kutumia kigari. Kwa mtazamaji! Miaka 12 baada ya Mahakama ya Juu! USGA, chama kinachosimamia shindano lile, kiliomba radhi baadaye. Jambo hilo lilinikera kuliko kesi yenyewe, kwa sababu kwenye kesi angalau palikuwa na hoja ya mashindano. Mwaka mmoja kabla, kocha huyo huyo, akiwa na miaka 40, alikuwa amefuzu tena kucheza US Open pale pale Olympic Club na kukosa raundi za mwisho kwa mkwaju mmoja.

Sasa twende 2016. Fainali za vyuo zilipangiwa Eugene Country Club, uwanja wa nyumbani kwa Martin. Tangu 2009 ubingwa huu una sehemu mbili: kwanza timu zinacheza kwa kuhesabu mikwaju, kisha nane bora zinaingia mtoano wa mtu na mtu, shimo kwa shimo, pointi tano mezani. Anayefika tatu ameshinda. Katika sehemu ya kwanza Aaron Wise wa Oregon, mzaliwa wa Cape Town, akawa bingwa wa mtu mmoja mmoja. Nusu fainali ikapita, na fainali ikawa dhidi ya Texas, wenye historia ndefu kuliko Oregon mara nyingi, na kikosini wakiwa na kijana aitwaye Scottie Scheffler ambaye dunia ingemjua baadaye.

Texas walikuja na jeraha. Mchezaji wao bora, Beau Hossler, aliumia bega katika nusu fainali na hakuweza kucheza. Pointi moja ikaenda Oregon bila mpira kupigwa. Wako wanaosema ubingwa ule una doa kwa sababu hiyo. Mimi sioni hivyo, maana bado zilihitajika mbili, na zilipokwisha mechi nyingine mizani ilikuwa imelala sawa, mbili kwa mbili, na imebaki mechi moja tu uwanjani: Sulman Raza wa Oregon na Taylor Funk wa Texas.

Raza ni kijana wa Eugene. Mashimo 18 yakaisha bila mshindi. Wakarudi, wakacheza la ziada, wakatoka sare. La pili vile vile. Watu walikuwa wamefuata nyuma yao wote, kwa kuwa hapakuwa na kwingine pa kwenda, na jambo lile la kocha kuchagua amfuate nani lilikuwa limejimaliza lenyewe. Kwenye shimo la tatu la ziada Raza alitumbukiza mpira, Oregon wakapata ubingwa wao wa kwanza wa gofu ya wanaume, na umati ukamwangukia. Nimeitazama picha ile mara nyingi kumtafuta Martin. Humwoni mara moja. Yuko nyuma ya watu warefu.

Mwaka uliofuata walifika fainali tena, safari hii ugenini, karibu na Chicago. Wise alikuwa amekwenda kucheza kwa kulipwa, na mwaka 2018 akashinda shindano la PGA Tour na kuwa mchezaji wake bora chipukizi. Nafasi ilizibwa na kijana aliyehamia kutoka Oklahoma State, Wyndham Clark. Mama yake alifariki 2013 kwa saratani ya matiti, na baada ya hapo gofu ilimgeuka. Alikuwa na hasira uwanjani, alivunja fimbo, alifikiria kuacha. Wengine waliona ni mchezaji aliyekwisha. Kwa kocha, kumchukua mtu kama huyo kwa msimu mmoja ni hesabu mbaya: humjengi, humpati muda mrefu, na akilipuka analipuka na timu yako. Martin alimchukua. Clark akamaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ligi yao.

Mguu nao haukusubiri. Mwaka 2019 Martin alikosea hatua akashuka vibaya, mfupa ule ukavunjika kama madaktari walivyohofia tangu utotoni. Miaka miwili ya matibabu haikuunga. Oktoba 2021 ukakatwa juu ya goti. Akajifunza kutembea kwa mguu wa bandia, akarudi kazini, kwenye mvua ile ile na vijana wengine.

Juni 2023, Los Angeles Country Club, Wyndham Clark alishinda US Open kwa mkwaju mmoja mbele ya Rory McIlroy. Ushindi wa namna hiyo hauandikwi katika hesabu za kocha yeyote wa chuo. Kwa upande wa Oregon, habari za Clark zinaishia 2017, kwenye fainali ambayo Oklahoma waliwafunga.